Fahamu: Sheria ya Ulaya inayowabana wenye tovuti
Tangu Juni 28, 2025, sheria ya Umoja wa Ulaya inazitaka benki, maduka ya mtandaoni na wauzaji wa vitabu vya kidijitali kuhakikisha huduma zao zinaweza kutumiwa pia na watu wenye ulemavu.

Asiyeona husikiliza ukurasa kupitia programu inayosoma skrini kwa sauti. Kitufe cha kulipia kikiwa picha tupu isiyo na maelezo ya maandishi, programu hutamka “kitufe”, basi; mteja anakwama na pesa yake mkononi. Kuongeza maelezo hayo ni kazi ya mstari mmoja, kwa hiyo kisingizio cha gharama hapa hakinishawishi.

Watoa huduma wadogo kabisa, wenye wafanyakazi chini ya 10 na mauzo ya mwaka au mizania isiyozidi euro milioni 2, wamesamehewa. Lakini kampuni kubwa ya Nairobi inayowauzia wateja wa Umoja wa Ulaya mtandaoni inabanwa na sheria hiyo.