Barabara Tupu Si Uwanja wa Mchezo

Na Bwana Shamba wa Kata

Ndugu msomaji, umewahi kuiona barabara tupu? Hakuna gari. Hakuna ng'ombe. Hakuna watoto wanaokwenda shule. Mwenye pikipiki akiiona barabara ya namna hiyo, mkono wake wa kulia huanza kumwasha. Anataka kuongeza mafuta. Anasema moyoni, "Leo barabara ni yangu peke yangu."

Mwaka 2020 barabara nyingi za dunia zilikuwa tupu. Sababu yake ilikuwa ugonjwa wa korona, yaani UVIKO-19. Watu wengi walitulia nyumbani. Wengine waliigeuza barabara kuwa uwanja wa mchezo. Leo tutaona yaliyotokea Uingereza, Marekani, na katika kisiwa kimoja kidogo. Mwisho nitaeleza yaliyonikuta mimi mwenyewe. Si habari ya kujivunia, lakini ina faida kwa wengine.

WATU WAAMBIWA WAKAE NDANI

Tarehe 23 Machi, 2020, serikali ya Uingereza iliwaambia watu wote wakae majumbani. Mtu aliruhusiwa kutoka kwa sababu chache tu. Aliweza kwenda kununua chakula au dawa. Aliweza kufanya mazoezi ya mwili mara moja kwa siku. Aliweza kwenda kazini kama kazi yake haiwezi kufanyika nyumbani. Kuendesha pikipiki au gari kwa starehe tu hakukuwamo katika sababu hizo.

Kwa nini watu walifungiwa ndani? Ugonjwa wa korona huambukizwa kwa njia ya hewa, watu wanapokaa karibu karibu. Wengine huugua kidogo na kupona. Wengine hushindwa kupumua. Hao huhitaji hewa ya oksijeni, na wengine huhitaji mashine ya kuwasaidia kupumua. Hospitali ina vitanda vya kuhesabika. Ina mashine za kuhesabika. Ina madaktari na wauguzi wa kuhesabika. Wagonjwa wakija wote kwa siku moja, hata nchi tajiri hushindwa. Huko London ukumbi mkubwa wa maonyesho uligeuzwa kuwa hospitali, ukafunguliwa tarehe 3 Aprili, 2020.

Hospitali wakati wa ugonjwa wa kuambukiza ni kama kisima kimoja wakati wa kiangazi. Kila ndoo ina mwenyewe anayeingoja. Mtu akimwaga ndoo moja kwa mchezo, yuko mwenzake atakayelala na kiu.

JUA, BARABARA TUPU NA PIKIPIKI

Baridi ya Uingereza huisha mwezi Machi. Kisha huja majira ya majani kuchipua. Mwaka 2020 majira hayo yalikuwa na jua jingi kuliko yote yaliyokuwa yamepimwa nchini humo mpaka wakati ule. Watu walichoka kukaa ndani. Pikipiki kubwa zilikuwa zimesimama bure. Barabara zilikuwa wazi na kavu. Basi wengine walitoka "kupunga upepo".

Katika barabara kubwa za nchi hiyo mwisho wa mwendo ni kilomita 112 kwa saa. Siku zile polisi waliwakamata madereva waliopita hata kilomita 160 kwa saa. Hawakuwa wakikimbiza mgonjwa. Hawakuwa wakiwahi kazi. Walikuwa wakijifurahisha.

Sasa tutazame hesabu. Tuhesabu pamoja, polepole.

Tuchukue England, Scotland na Wales. Katika kila kilomita 100 ambazo magari yalisafiri mwaka 2019, mwaka 2020 yalisafiri kilomita 79 tu. Safari zilipungua sana. Je, vifo vilipungua? Ndiyo. Mwaka 2019 walikufa barabarani watu 1,752. Mwaka 2020 walikufa watu 1,460. Yaani katika kila vifo 100 vya mwaka 2019, mwaka 2020 vilikuwa 83 hivi. Safari zilishuka mpaka 79, lakini vifo vilishuka mpaka 83 tu. Maana yake, kila kilomita iliyosafiriwa ilikuwa na hatari zaidi kuliko zamani, ingawa barabara ilikuwa na nafasi zaidi.

Huko Marekani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 2019 watu zaidi ya 36,000 walikufa barabarani. Mwaka 2020 safari za magari zilipungua kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi. Lakini waliokufa walikuwa zaidi ya 38,000. Magari machache, vifo vingi! Wataalamu wa serikali ya huko walichunguza sababu. Waliona kwamba madereva wengi walikwenda kasi, wengine walikuwa wamelewa, na wengine hawakufunga mikanda.

KISIWA KILICHOKUBALI KUPUNGUZA MWENDO

Kati ya Uingereza na Ireland kiko kisiwa kinachoitwa Isle of Man. Ni kisiwa kidogo kuliko Pemba. Watu wake ni kama 84,000. Kisiwa hiki kinajulikana duniani kwa jambo moja: mbio za pikipiki.

Mbio hizo zilianza mwaka 1907. Hazifanyiki katika uwanja. Hufanyika katika barabara za kawaida, zinazopita katikati ya miji, kando ya kuta za mawe, na juu ya mlima. Mzunguko mmoja ni kilomita 60 hivi. Mwaka 2018 Peter Hickman alizunguka kwa wastani wa kilomita 218 kwa saa. Kwa miaka mingi njia hiyo imewaua waendeshaji zaidi ya 200. Na kwa miaka mingi wakati wa mbio kulikuwa na Jumapili moja ambayo wageni wa kawaida walijaribu pikipiki zao katika njia hiyo. Iliitwa kwa jina ambalo maana yake ni Jumapili ya Wendawazimu.

Tena, katika kisiwa hiki barabara nyingi za nje ya miji hazina mwisho wa mwendo. Kwa watu wa huko, mwendo kasi ni sifa, na mbio huwaletea wageni na fedha.

Lakini korona ilipofika, walifanya nini? Kwanza, mwezi Machi, 2020, walifuta mbio za mwaka ule. Pili, mwishoni mwa mwezi huo huo serikali yao iliweka amri mpya. Kisiwa kizima, mjini na mlimani, mtu asizidi maili 40 kwa saa. Hizo ni kama kilomita 64.

Sababu waliyoitoa ilikuwa rahisi. Hospitali yao kubwa ni moja. Walitaka vitanda na wauguzi wawe tayari kwa wagonjwa wa korona. Hawakutaka vitanda hivyo vijae watu waliovunjika miguu kwa starehe.

Amri ile ilikuwa ya muda. Mbio za mwaka 2021 nazo zilifutwa, kisha zikarudi mwaka 2022. Watu wale hawakuacha kupenda pikipiki. Walijua tu kwamba kuna wakati wa mchezo na wakati wa kutulia.

KWA NINI MWENDO UNAUA?

Wengine husema, "Barabara ni tupu, nitamgonga nani?" Hebu tupime.

Dereva akiona hatari, hasimami papo hapo. Kwanza macho huona. Kisha akili huamua. Kisha mguu au mkono hukamata breki. Wakati huo wote chombo kinaendelea kwenda. Halafu breki nazo huhitaji nafasi ya kufanya kazi.

Kitabu cha sheria za barabarani cha Uingereza kinatoa vipimo hivi kwa gari:

Kwa mwendo wa kilomita 32 kwa saa, gari husimama baada ya mita 12.

Kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa, husimama baada ya mita 36.

Kwa mwendo wa kilomita 96 kwa saa, husimama baada ya mita 73.

Tazama vizuri. Kutoka 32 mpaka 64 mwendo umeongezeka mara mbili. Lakini nafasi ya kusimama imeongezeka mara tatu. Na hivyo ni vipimo vya lami kavu na breki nzima. Katika barabara yetu ya changarawe au tope la masika, nafasi huwa kubwa zaidi.

Toka nje na wenzako mpime. Simama kwenye mwembe, uhesabu hatua ndefu 73. Utashangaa utakapofika. Ukiwa katika mwendo wa kilomita 96, mtoto akitokea popote kati ya hapo na mwembe, huwezi kusimama kabla ya kumfikia.

Wala usisahau kwamba barabara haiwi tupu siku zote. Mbuzi hukata kamba. Mvua huchimba mfereji usiku. Barabara inayoonekana tupu ni ile ambayo hatari yake bado haijaonekana.

YALIYONIKUTA MIMI

Hapa Tanzania hatukufungiwa majumbani mwaka 2020. Lakini shule zilifungwa mwezi Machi. Vijana walikuwa nyumbani na hawakuwa na la kufanya jioni.

Mpwa wangu alikuwa akikaa kwangu. Alikuwa kidato cha tatu. Jioni moja ya Aprili nilikuwa mezani nikiandika taarifa yangu ya mahindi. Akaja akasimama mlangoni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

"Mjomba, naomba pikipiki kidogo. Naishia darajani tu, nakwenda kunyoosha mwili. Barabara haina mtu."

Pikipiki ile haikuwa yangu. Ni pikipiki ya kazi, ya kuwafikia wakulima. Kijana hakuwa na leseni. Yote hayo niliyajua. Lakini nilikuwa nimechoka, na sikutaka maneno mengi. Nikampa ufunguo bila kuinua kichwa.

Darajani alikutana na vijana wenzake wawili wenye pikipiki. Wakashindana. Karibu na daraja mvua ilikuwa imekata barabara. Wenzake waliujua mfereji ule. Yeye hakuujua.

Tulimbeba mpaka zahanati. Mguu ulikuwa umevunjika, na kichwa kilikuwa kikitoka damu. Muuguzi wa zamu alikuwa mmoja. Chumba cha pili kulikuwa na mama mwenye uchungu wa kujifungua, na hali yake haikuwa nzuri. Muuguzi alikuwa akikimbia huku na huku. Alifunga kichwa cha kijana, akarudi kwa mama. Akaja kuufunga mguu vipande vya mbao, akarudi kwa mama. Gari la kuwapeleka hospitali ya wilaya lilipopatikana, lilikuwa moja. Mama na kijana wakapakiwa pamoja.

Kabla hawajaondoka muuguzi aliniambia kwa sauti ya chini, "Bwana shamba, mama huyu hakuichagua siku yake. Kijana wako ameichagua."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Tunamshukuru Mungu, mama alijifungua salama huko hospitali. Kijana naye alipona. Lakini shule zilipofunguliwa tarehe 29 Juni, mguu wake ulikuwa bado ndani ya plasta. Wenzake walikwenda darasani, yeye alibaki kitandani. Hata sasa anachechemea kidogo wakati wa baridi.

Na wakulima je? Pikipiki ilikaa kwa fundi wiki mbili. Wiki hizo viwavijeshi vilikuwa vikila mahindi machanga. Nilikwenda kwa miguu mashamba ya karibu. Ya mbali sikuyafikia kwa wakati.

Niliporudi nyumbani usiku ule niliiona kofia ngumu. Ilikuwa imening'inia kwenye msumari wake ukutani. Haikuwa na hata mkwaruzo mmoja.

TUFANYE NINI?

Watu husema ajali haina kinga. Mimi nasema zipo ajali zenye kinga, nasi tunaijua. Kinga yenyewe ni hii:

1. Ufunguo wa pikipiki utunzwe na mtu mzima. Asiye na leseni asipewe, hata akiwa mtoto wako mpendwa.

2. Anayepanda avae kofia ngumu na kuifunga kamba yake. Abiria naye avae.

3. Chombo cha kazi ni cha kazi. Wakati wa ugonjwa wa kuambukiza, safari ya starehe inaweza kungoja.

4. Barabara ikiwa tupu, punguza mwendo kama siku nyingine zote. Baada ya mvua, punguza zaidi.

5. Vijana wapewe la kufanya shule zikifungwa. Bustani ya mboga, mpira, na kusoma huwafaa kuliko mbio.

6. Kijiji kiweke alama ya mti au kitambaa chekundu mahali barabara ilipokatika. Kazi hiyo haihitaji fedha.

Ndugu msomaji, ugonjwa wa mlipuko unaweza kuja tena, wa korona au mwingine. Siku hiyo kila kitanda cha zahanati kitakuwa na mwenye kukihitaji. Tusikichukue kwa mchezo. Watu wa kisiwa cha mbio waliweza kupunguza mwendo. Sisi je?

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kisiwa cha Isle of Man kiliweka mwisho wa mwendo mwaka 2020?

2. Gari lenye mwendo wa kilomita 64 kwa saa husimama baada ya mita ngapi? Pimeni kwa hatua.

3. Katika habari ya bwana shamba, nani alikosea kwanza? Kwa nini?

4. Zahanati yenu ina wauguzi wangapi usiku? Wakija wagonjwa wawili mahututi, itakuwaje?