Mbio za Urefu wa Coaster: Rekodi za Wavamizi wa Futiboli ya Kimarekani

Nenda stendi ya Same, itafute Coaster yoyote iliyoegeshwa, uipime kwa hatua kutoka taa za mbele hadi mlango wa nyuma. Ni mita saba, kasoro kidogo. Huo ndio umbali anaopewa mvamizi wa futiboli ya Kimarekani kumfikia kwotabeki, yule mpangaji wa mashambulizi anayerudi nyuma ili aurushe mpira. Njiani kuna mzuiaji mwenye kilo 140, na muda wote alio nao ni sekunde mbili na nusu hivi. Akimwangusha kwotabeki nyuma ya mstari kabla mpira haujatoka mkononi, amepata seki. Wawili wakimwangusha pamoja, kila mmoja huandikiwa nusu.

Seki zimehesabiwa rasmi tangu 1982, na rekodi zake zinatisha. Lakini nyuma ya kila rekodi kuna mpango wa ulinzi uliochorwa ubaoni na kocha, unaoamua nani avamie, apite upande gani, na nani ajitolee kukaa na wazuiaji ili mwenzake apite. Mpango huohuo humpandisha mtu kileleni, au humwacha bondeni na nguvu zake zote.

1. Usiku mmoja wenye mavuno makubwa kuliko yote: seki 12

Timu ya kawaida ikipata seki tatu katika mechi, kocha wake hulala kwa furaha. Usiku wa 30 Septemba 2007 New York Giants waliwakaribisha Philadelphia Eagles na kumwangusha kwotabeki wao Donovan McNabb mara 12! Hakuna timu iliyowahi kuzidi hesabu hiyo katika mechi moja ya NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huu. Waliowahi kuifikia ni wachache.

Ziligawanyika hivi: Osi Umenyiora 6, Mathias Kiwanuka 3, Justin Tuck 2, Michael Strahan 1. Umenyiora alizaliwa London kwa wazazi Wanigeria. Kiwanuka ni Mganda kwa asili, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda na baadaye Jaji Mkuu, aliyeuawa mwaka 1972 katika utawala wa Idi Amin. Robo tatu ya mavuno ya usiku ule ilitoka kwa wana wawili wa Afrika.

Iliwezekanaje? Steve Spagnuolo, aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza wa kuongoza ulinzi wa Giants, alikuwa ametoka kwa hao hao Eagles, alikojifunza uvamizi kwa kocha wao wa ulinzi, Jim Johnson. Alikuwa na wavamizi wanne wa pembeni lakini ulinzi wake una pembe mbili tu. Basi akamrudisha Kiwanuka hatua chache nyuma ya mstari wa mbele na kumfanya lainibeka, kisha akamwachia avamie kutoka huko. Eagles wakashindwa kujua wambane nani kwa wazuiaji wawili. Umenyiora akabaki ana kwa ana na Winston Justice, kijana aliyekuwa akianza mechi yake ya kwanza upande ule. Seki sita zikapatikana. Na ile moja ya Strahan ilimfanya awe mwenye seki nyingi kuliko wote katika historia ya Giants, juu ya gwiji wao Lawrence Taylor mwenyewe.

2. Ulinzi mkali kuliko wote: 72 kwa msimu

Chicago Bears, 1984. Mechi 16, seki 72, yaani nne na nusu kila walipoingia uwanjani. Mpango wao uliitwa 46, kwa namba ya jezi ya mlinzi wao Doug Plank, na aliyeubuni ni Buddy Ryan. Aliwasogeza watu wanane karibu na mstari wa mbele, kisha akawafunika wazuiaji watatu wa katikati, kila mmoja na mtu wake. Mzuiaji aliyefunikwa hivyo hana nafasi ya kugeuka kumsaidia jirani. Wa pembeni hubaki yatima, na Richard Dent akajivunia seki 17.5 peke yake.

Mwaka uliofuata mpango huo uliwafikisha fainali, Super Bowl ya Januari 1986, nao wakawazika New England Patriots 46 kwa 10. Seki saba. Na mbio zote za Patriots za kubeba mpira kwa miguu, ukizijumlisha mechi nzima, zilitoa yadi 7, ambazo ni mita 6.4. Mechi nzima, na hazikumaliza urefu wa Coaster moja!

3. Siku kuu ya mtu mmoja: 7

Derrick Thomas wa Kansas City Chiefs, 11 Novemba 1990, dhidi ya Seattle. Seki saba kwa mtu mmoja, hakuna aliyezifikia. Mchezo wa mwisho kabisa alimshika kwotabeki wa Seattle, Dave Krieg, kwa ajili ya seki ya nane, Krieg akachomoka, akarusha, wakafunga. Seattle 17, Chiefs 16. Mwenye rekodi akatoka uwanjani ameshindwa.

4. Msimu mmoja wenye mavuno makubwa: 22.5

Alama hiyo, iliyokuwa rekodi ya msimu hadi ilipovunjwa katika msimu wa 2025, Strahan aliiweka 2001 kwa mechi 16, ikasimama peke yake miaka 20 hadi T.J. Watt wa Pittsburgh alipoifikia 2021 akiwa amecheza mechi 15.

Hapa ndipo mpango unapoonekana waziwazi, kwa sababu wawili hawa hawakufanya kazi moja. Strahan alikuwa mtu wa pembeni katika mpango wa 4-3: wanne mstari wa mbele, malainibeka watatu nyuma yao. Wanne wale ndio wavamizi, na kwotabeki anajua hivyo. Watt ni lainibeka wa nje katika 3-4: watatu mbele, wanne nyuma. Wale watatu kazi yao ya jadi ni kuwakumbatia wazuiaji na kuziba mianya. Utamu wote wa seki huenda kwa malainibeka wa nje, na kwotabeki hajui ni nani kati yao atakuja na nani atarudi nyuma kulinda pasi.

Kwa hiyo mtu wa mstari wa mbele katika 3-4 hatarajiwi kuvuna. Sasa mtazame J.J. Watt, kaka yake T.J.! Alicheza nafasi hiyohiyo isiyo na mavuno huko Houston, lakini kocha wa ulinzi Wade Phillips akamfungulia: badala ya kusimama alinde mianya miwili, alipewa mmoja na kuambiwa apenye. Akapata 20.5 mwaka 2012, na 20.5 tena 2014. Kabla yake hakuna mchezaji aliyevuka 20 katika misimu miwili. Kwangu mimi hizo 41 zina uzito kuliko 22.5 ya yeyote, maana zilivunwa shambani pa wengine.

5. Kilele cha maisha: 200

Bruce Smith, 1985 hadi 2003, misimu 19. Reggie White anamfuata akiwa na 198. Chukua mbio 200 za mita saba, uzisimamishe moja juu ya nyingine: mita 1,400, zaidi ya nusu ya Shengena, kilele kirefu kuliko vyote vya Upare chenye mita 2,462. Na kubwa zaidi, Smith alivuna sehemu kubwa ya hizo akiwa Buffalo kwenye mstari wa mbele wa 3-4, pale pale pa kuziba mianya, akibanwa na wawili mara kwa mara.

6. Rekodi ya kwetu: 38.5

Turudi kwa Kiwanuka. Urefu mita 1.96, uzito kilo 120 hivi: mifuko miwili ya saruji na debe la mahindi juu yake, vyote vikikimbia. Giants walimchukua 2006 katika raundi ya kwanza ya uteuzi, wa 32, baada ya kuweka rekodi ya seki ya Boston College. Simjui mwingine mwenye asili ya Afrika Mashariki aliyefikisha 38.5 katika NFL.

Msome mwaka kwa mwaka uone mkono wa kocha. Mwaka 2007, akiwa lainibeka, alipata 4.5 kabla ya kuvunjika mguu Novemba, na 3 kati ya hizo ni za ule usiku mmoja. Mwaka 2008 Strahan alikuwa amestaafu na Umenyiora yuko majeruhi, Kiwanuka akarudishwa pembeni: seki 8, msimu wake bora. Mwaka 2010 alianza kwa kishindo, 4 katika mechi 3, kisha jeraha la shingo likamweka nje msimu uliobaki. Kasi ile, kwa mechi 16, ingemfikisha 21. Mwaka 2011 akarudishwa tena kuwa lainibeka, kazi ya kukaba wabeba mpira na kufunika pasi. Mechi 16, seki 3.5.

Mtu ni yuleyule, mwenye kimo na kasi ileile, na jukumu tu ndilo lililobadilika. Mchambuzi anayempima kwa 38.5 peke yake anapima nusu ya kazi.

7. Umati mkubwa kuliko wote wa wakati ule: 111.3 milioni

Msimu huo wa 2011, wa seki 3.5, uliishia kwenye Super Bowl, 5 Februari 2012, Giants 21, Patriots 17. Giants walikuwa na kikosi walichokiita NASCAR, kwa jina la mashindano ya magari: wavamizi wanne wa pembeni, Umenyiora, Tuck, Jason Pierre-Paul na Kiwanuka, wote mstarini kwa pamoja. Kwenye pasi ya kwanza kabisa ya Tom Brady, kwotabeki wa Patriots, Tuck alimsonga, naye akaitupa pasipo na mtu akiwa ndani ya eneo lake la mwisho, na waamuzi wakawapa Giants alama mbili.

Watazamaji uwanjani: 68,658. Uwanja wa Benjamin Mkapa ungejaa na zaidi ya 8,000 wangebaki nje. Sensa ya mwaka uleule ilihesabu watu 269,807 wilaya nzima ya Same, kwa hiyo ni robo ya wilaya, na ziada. Kwenye televisheni za Marekani walitazama watu 111.3 milioni, Tanzania ya wakati ule mara mbili na nusu! Mechi ilipoanza, huku Same ilikuwa saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu.

Uwanja ule ni Lucas Oil, Indianapolis, mji aliozaliwa Kiwanuka. Mwaka uliofuata timu ya mji huo, Colts, ilimsajili Daniel Adongo wa Nairobi, mchezaji wa raga ambaye hakuwahi kucheza futiboli ya Kimarekani hata mechi moja. Walimweka wapi? Lainibeka wa nje katika 3-4, kiti kilekile kinachomfaa mtu mrefu mwenye mbio ambaye bado anajifunza mengine. Alicheza mechi chache tu, lakini alipoingia uwanjani Desemba 2013 akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL, chini ya miezi mitano baada ya kusajiliwa.