Gari la Kazi na Gari la Sura

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Methali hii yafaa kukumbukwa na kila anayekusudia kununua gari mkoani Kigoma. Mnunuzi huvutwa na rangi na vioo ving'aavyo. Lakini barabara haina macho. Yenyewe huuliza maswali matatu tu: gari litabeba nini, litapita wapi, na likiharibika litatengenezwa na nani?

Maji ya Ziwa Tanganyika yako karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kasulu uko zaidi ya mita 1,200. Hivyo dagaa na migebuka wanaopakiwa Kibirizi kupelekwa Kasulu hupandishwa mita zaidi ya 400. Barabara kuu kadhaa zimewekwa lami, lakini njia nyingi za vijijini ni za udongo unaoteleza wakati wa mvua, na ufuoni ni mchanga mtupu. Gari likikwama, samaki wabichi huoza. Na mgonjwa anayekimbizwa Hospitali ya Maweni hupoteza saa ambazo hazirudi.

Jambo la kwanza la kutazama ni matairi. Kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Gari la kilo 1,600 lina uzito wa karibu nyutoni 16,000. Ikiwa kila tairi lagusa ardhi kwa sentimita za mraba 200, matairi manne hugusa mita za mraba 0.08, na kanieneo ni nyutoni 200,000 kwa kila mita ya mraba. Tairi pana, au lililopunguzwa upepo kidogo, huongeza eneo hilo. Likiongezeka mara mbili, kanieneo hupungua nusu, na gari halizami mchangani upesi. Ni sharti upepo urudishwe kabla ya kuingia barabara ngumu, kwa maana tairi legevu hupata joto na kupasuka.

Jambo la pili ni nguvu ya kuvuta. Gari na mzigo wa jumla ya kilo 2,000 likipanda mlima unaoinuka mita 1 kwa kila mita 10 za barabara, huhitaji kani ya nyutoni 2,000, mbali na ile ya kushinda msuguano. Uwezo wa injini ni zao la kani na mwendo. Kwa hiyo giya inayopunguza mwendo nusu huongeza kani karibu mara mbili. Lakini kani hiyo haina faida magurudumu yakiteleza. Magurudumu mawili yanaposukuma, ni uzito ulio juu ya hayo mawili tu unaoshika ardhi; yanaposukuma manne, uzito wote hufanya kazi.

Jambo la tatu ni kimo. Gari lililoinuka hupita juu ya mawe na makorongo bila kukwaruza tumbo, ila uinuko huo una gharama yake. Chukulia gari ambalo magurudumu ya kulia na ya kushoto yameachana mita 1.4, na kitovu chake cha graviti kiko mita 0.7 juu ya ardhi. Likisimama kando ya mlima, halipinduki mpaka mwinamo ufike nyuzi 45. Magunia yakipangwa juu ya paa hata kitovu kikapanda hadi mita 1, nyuzi 35 zatosha kulipindua. Mzigo mzito, basi, ukae chini.

Magari mawili yaliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1948 yalithibitisha kwamba sura hufuata kazi. Land Rover ya Uingereza ilipewa bodi ya aloi ya alumini kwa sababu feleji ilikuwa adimu baada ya vita. Mabamba yake yalikuwa bapa, rahisi kukunjwa na kunyoshwa. Citroën 2CV ya Ufaransa ilikusudiwa kubeba wakulima wawili na kilo 50 za viazi, na kuvuka shamba lililolimwa bila kuvunja mayai kikapuni. Watu waliicheka sura yake, nayo ikaendelea kutengenezwa hadi mwaka 1990.

Hata hivyo, gari kubwa si jibu la kila swali. Abebaye abiria wachache kati ya Kigoma na Ujiji, juu ya lami, hupoteza mafuta bure akinunua gari zito. Aendaye Gombe hahitaji gari lolote, bali mashua. Na kwa kuwa Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, gari ambalo vipuri vyake havipatikani Kigoma huweza kulala majuma mazima kwa kukosa beringi moja.

Wanafunzi waweza kulipima gari la shule au la jirani: uwazi chini ya tumbo lake, upana kati ya magurudumu, na alama ya tairi juu ya karatasi. Vipimo hivyo vitatu vitawaeleza mengi kuliko rangi yake.