Mchunga wa Uani

Ukiingia uwanja uliofagiwa vizuri ukakuta mchunga umeachwa kando ya karo, ujue nyumba hiyo ina mtu wa pwani. Kwa wengi ni gugu. Kijana anayekuja kunifyekea hapa Mbagala alidhani nafuga sungura, maana sungura huupenda sana. Nilipomwambia ni mboga, akauliza kwa adabu, “Mama, machungu yote haya utayala mwenyewe?” Ni mtu wa bara, simlaumu. Mimi nimekulia Muheza.

Mchunga, ambao wataalamu huuita Launaea cornuta, ni wa ukoo mmoja na alizeti na saladi. Majani yake ni marefu, mengine yana ncha zinazochomoza pembeni kama pembe. Maua ni ya njano, na yakikomaa hugeuka manyoya meupe yanayobeba mbegu kwenye upepo. Ulaya wana ndugu yake, Taraxacum, ambao nao huota ovyo kwenye nyasi za bustani. Wafaransa hula majani yake machanga kama saladi, na mizizi yake huko Ulaya hukaangwa ikasagwa, ikanywewa badala ya kahawa. Kwa hiyo si sisi peke yetu tunaokula magugu.

Ukivunja bua la mchunga hutoka utomvu mweupe, na uchungu umo humo. Ndiyo silaha ya mmea dhidi ya wadudu. Wakulima wanaulalamikia kwa sababu nyingine: mizizi yake hutambaa chini ya ardhi, na kila kipande kinachokatwa na jembe huweza kuchipua upya. Anayeupalilia kwa hasira huuzidisha.

Chuma majani machanga, kabla bua la maua halijapanda, kwani baada ya hapo uchungu huzidi. Osha kwa maji mengi, kisha katakata membamba. Mimi huchanganya fungu moja la mchunga na mawili ya mchicha au majani ya kunde. Nachemsha kidogo kwa chumvi, namwaga maji, nakamua kwa mkono mwepesi. Kitunguu na nyanya vikishaiva kwenye mafuta naweka mboga na tui jepesi. Tui zito huingia mwishoni, moto ukiwa mdogo, na hapo huachi kukoroga, la sivyo litakatika. Pembeni weka bada la moto, yaani ugali wa muhogo, na kipande cha ng'onda, samaki mkavu, kama kipo.

Wapo wanaochemsha na kumwaga maji mara mbili, mara tatu, mpaka mboga inabaki haina ladha yoyote. Sikubaliani nao. Maji yale huondoka na vitamini, na ukishaumaliza uchungu wote, ulikuwa na haja gani ya mchunga? Si ungepika mchicha? Wagiriama wa pwani ya Kenya, wanaouita mutsunga, nao huuchanganya na mboga nyingine, lakini uchungu hubaki, na wanaupenda. Tui la nazi linatosha kuutuliza.

Habari za dawa nazisikia kila siku: mchunga unatibu tumbo, minyoo, sukari, homa. Ni kweli wanasayansi wameupima maabara dhidi ya vimelea vya malaria. Lakini kinachopimwa maabara ni dondoo iliyotengenezwa kwa vipimo, si sahani ya mboga. Ukishikwa na homa nenda kapime, ukikutwa na malaria upewe dawa mseto, na mchunga ule jioni kwa sababu ni mtamu. Ndiyo, nimesema mtamu.

Jambo ninalolitilia mkazo zaidi ni mahali pa kuchuma. Mmea huu hauchagui: utaukuta pembeni mwa barabara, kwenye mfereji wa maji machafu, hata jalalani. Huko uache hata kama umenawiri. Usichume pia palipopuliziwa dawa ya kuua magugu. Na kama huujui vizuri, nenda na mtu anayeujua, kwa sababu mimea yenye maziwa ni mingi na mingine ni sumu.

Asiye na uani aulize sokoni, hasa asubuhi na hasa wakati wa mvua. Vunja bua moja mbele ya muuzaji, hatakasirika. Likitoa maziwa, fungu ni la leo. Likiwa kavu, limelala.