Vinywaji vya matineja nyumbani: Hatari haimo kwenye pombe pekee

SHULE zinapofungwa na vijana kurejea nyumbani, jambo la kwanza ambalo wazazi wengi hulihofia ni pombe. Hofu hiyo ina mashiko. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo Wakenya wengi waliizoea kwa jina la Sheria ya Mututho, inaharamisha kumuuzia kileo mtu ambaye hajatimiza umri wa miaka 18. Hata hivyo, mzazi anayepekua mkoba wa mwanawe akitafuta chupa ya pombe aghalabu ndiye anayemwekea mezani soda ya lita mbili na chai iliyokolea sukari. Pengine ndiye pia anayempa pesa za kununua kinywaji cha kuongeza nguvu ili asome usiku bila kusinzia.

Tuanze na sukari. Soda nyingi za kola huwa na takribani gramu 10 na ushei za sukari katika kila mililita 100. Kijiko kimoja cha chai hubeba gramu nne hivi. Kwa hesabu hiyo, chupa ya mililita 300 ina vijiko vinane, na ile ya nusu lita ina vijiko 13. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba sukari inayotiwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu ambazo mtu huzipata kwa siku. Kwa anayehitaji kalori 2,000, kiasi hicho ni gramu 50, yaani vijiko 12. Shirika hilo liliongeza kuwa ni bora zaidi kiwango kisipite nusu ya hapo. Kijana aliyemaliza chupa moja ya nusu lita amekwisha kupita kipimo cha siku nzima kabla ya kuonja chai ya jioni.

Wapo wanaodhani wamekwepa tatizo kwa kununua sharubati. Mwongozo huo wa WHO huihesabu sukari ya sharubati pamoja na ile ya mezani, hata kama tunda lilikamuliwa papo hapo. Anayekula chungwa zima hupata nyuzinyuzi na hushiba upesi. Anayekunywa bilauri moja amekunywa machungwa matatu au manne bila kuhisi. Huko Pwani, maji ya ukwaju na ya mabungo yana sifa nzuri, ila ukali wake huwafanya wengi kumimina sukari bila kipimo. Dafu lina sukari kidogo kuliko soda, na humfaa kijana aliyetoka uwanjani kutokwa jasho, ingawa maji na ndizi moja vinatosha kwa mazoezi ya saa moja.

Meno nayo hayasazwi. Asidi iliyomo katika soda, hata ile isiyo na sukari, hulainisha tabaka la juu la jino. Anayekunywa chupa moja kidogo kidogo kutwa nzima huyaumiza meno yake kuliko anayeimaliza pamoja na chakula.

Vinywaji vya kuongeza nguvu ndivyo vinavyostahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa kuwa vimeshuka bei na kuingia hadi katika vioski vya mitaani, vikiwa kwenye chupa za plastiki zinazofanana na za soda. Kopo la kawaida la mililita 250 huwa na miligramu 80 hivi za kafeini. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2015 kwamba miligramu tatu kwa kila kilo ya uzani wa mwili kwa siku hazitarajiwi kumdhuru mtoto au tineja. Kijana wa kilo 45, basi, kikomo chake ni miligramu 135. Kopo moja halimfikishi hapo, lakini la nusu lita lenye ukali uo huo humvusha, sembuse akiongeza vikombe viwili vya chai.

Mwaka 2011, chama cha madaktari wa watoto nchini Marekani, American Academy of Pediatrics, kilisema vinywaji hivyo havina nafasi katika lishe ya watoto na matineja. Lithuania ilipiga marufuku kuwauzia walio chini ya umri wa miaka 18 mwaka 2014, Latvia ikafuata mwaka 2016, na Poland mwaka 2024. Mzazi wa Kenya hana haja ya kungoja serikali. Asome maandishi madogo yaliyo ubavuni mwa kopo, ambapo mara nyingi mtengenezaji mwenyewe ameandika kuwa hakiwafai watoto.

Isitoshe, kafeini hairefushi akili ya mtahiniwa. Huchukua takribani saa tano mwilini kabla ya kupungua kwa nusu, hivyo kopo la saa mbili usiku bado linafanya kazi usiku wa manane. Kijana wa umri huo anahitaji usingizi wa saa nane hadi kumi. Asipoupata, aliyoyasoma hayakai.

Chai ni suala ambalo wengi hawalifikirii, pengine kwa sababu nyumba isiyo na chai haihesabiwi kuwa nyumba. Tanini zilizomo katika majani ya chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, hasa yale yatokayo katika maharagwe, ndengu na mboga za majani. Msichana aliyevunja ungo hupoteza damu kila mwezi na huhitaji madini hayo kuliko kaka yake. Akila githeri kila siku huku akiteremshia kwa chai, anaweza kuishia kuwa na upungufu wa damu ilhali sufuria imejaa chakula kizuri. Uchovu wake huitwa uvivu. Dawa ya hili haina gharama: chai inywewe angalau saa moja kabla au baada ya mlo, na pamoja na chakula apewe maji yaliyokamuliwa limau au kipande cha chungwa, kwani vitamini C husaidia kufyonza chuma.

Kwa upande wa mifupa, tineja huhitaji miligramu 1,300 hivi za kalsiamu kwa siku. Bilauri ya maziwa humpa takriban 300. Maziwa yachemshwe, kwa kuwa yale mabichi huweza kuambukiza ugonjwa wa bruselosi. Anayelalamika kuwa tumbo humsokota akinywa maziwa freshi huenda akavumilia maziwa lala, ambayo bakteria wamekwisha kumeng'enya sehemu ya sukari yake. Uji wa wimbi, ambao vijana wa mijini huuona wa kishamba, una kalsiamu nyingi kuliko wa mahindi. Unga ukichachushwa kwanza, mwili hufaidi madini zaidi.

Maji ndiyo ya kuwekwa mbele kila wakati, yakiwa yamechemshwa au kutiwa dawa. Wakazi wa maeneo ya Nakuru na Naivasha wanaotumia visima wana tahadhari ya ziada. Kuchemsha huua viini lakini hakuondoi floridi, madini yanayowaacha wengi huko na meno ya kahawia. Wadogo wa tineja, ambao meno yao ya kudumu bado yanaumbika, ndio huathirika zaidi. Vichujio vya makaa ya mifupa hupunguza madini hayo.

Ama kuhusu kubadili desturi, amri ya ghafla huzaa soda ya kunywewa kichochoroni. Mazoea yana taabu. Wazazi waliofaulu huacha soda iwe ya wageni na sherehe, huweka mtungi wa maji baridi mahali panapofikika kwa urahisi, na hupunguza sukari ya chai ya nyumba nzima kwa nusu kijiko kila baada ya wiki mbili, wakianza na kikombe cha baba.