Fleti Mmemaliza Kulipa, Mbona Bado Mnalipa? Ada ya Huduma na Thamani ya Nyumba Yenu

Ukikaa kwa wakala wa pesa sokoni Ifo wiki ya kwanza ya mwezi, utaona miamala ya kila aina. Kuna anayetoa pesa aliyotumiwa na dada yake aliye Minneapolis, kuna mama anayetuma karo Garissa, na mwenye duka analipia mzigo wa Eastleigh kabla lori halijaondoka. Halafu kuna muamala mmoja ambao huzua maswali: shilingi elfu kadhaa kwenda kwa Paybill ya jengo fulani Nairobi.

"Adeer, hii si ile fleti mlimaliza kulipa?"

"Tulimaliza, adeer. Lakini kila mwezi wanataka tena."

Kama na wewe umewahi kusema hivyo, makala hii ni yako. Hiyo pesa ya kila mwezi inaitwa ada ya huduma, au sevisi chaji kama wanavyosema mawakala wa nyumba. Wengi huichukulia kama usumbufu mdogo baada ya kazi kubwa ya kununua. Ukweli ni kwamba ada hiyo ni sehemu ya bei. Inaweza kupandisha thamani ya nyumba au kuiporomosha, na mnunuzi asiyeiuliza mapema hununua kitu ambacho hajui bei yake.

Kwanza tuelewe kwa nini jambo hili linatuchanganya sisi watu wa huku. Kambi ya Ifo ipo tangu 1991. Mtu akijenga hapa, hajanunua ardhi. Anakaa kwenye plot aliyopewa ndani ya block yake. Maji ya bomba la block hugharimiwa na mashirika. Stima ya dukani unalipa kwa mwenye jenereta au mwenye sola, ukishindwa anakata, mambo yameisha. Garissa mjini nako, ghorofa kwa kawaida ni ya mtu mmoja au ya familia moja. Paa likivuja unampigia mwenye nyumba, na kama hapokei simu, hilo ni jambo kati yako na yeye.

Fleti ya kununua ni kitu kingine kabisa. Unamiliki nyumba namba fulani, tuseme ghorofa ya tano, lakini ngazi, lifti, tenki la maji, paa, geti na ukuta wa nje ni vyenu nyote. Hakuna landlodi wa kupigiwa simu. Nyinyi wenyewe ndio landlodi, watu arobaini kwa pamoja, na kila mmoja na maoni yake.

Sheria ya Kenya inayohusu nyumba za aina hii ni ya mwaka 2020, na ilianza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo huo ikachukua nafasi ya ile ya 1987. Kabla yake, majengo mengi yaliuzwa kwa mtindo wa kampuni: mnunuzi anapata mkataba wa kukodi wa muda mrefu pamoja na hisa kwenye kampuni ya usimamizi, na mara nyingi kampuni yenyewe iko mkononi mwa aliyejenga. Sheria mpya inataka kila fleti iwe na hati yake. Ramani ya jengo ikishasajiliwa, wamiliki wote wanakuwa shirika moja kisheria. Shirika hilo ndilo lina wajibu wa kutunza sehemu za pamoja, kukata bima ya jengo na kuweka mfuko wa matumizi. Pesa ya mfuko inatoka kwa wamiliki, kila mmoja kulingana na kiasi cha hisa kilichoandikwa kwa nyumba yake. Asiyelipa anaweza kudaiwa mahakamani kama mdeni mwingine yeyote.

Kwa hiyo ile hoja ya "nyumba ni yangu, silipi kitu" haina miguu. Ulipokubali hati, ulikubali na ada.

Sasa tuje kwenye thamani, na hapa nitaomba utoe simu ufungue kikokotoo. Tuchukue familia ya mfano: baba yuko Ifo, binti ni raia wa Kenya anayefanya kazi Garissa, na mtoto mwingine yuko ng'ambo. Wanataka fleti ya kukodisha Nairobi. Wanatarajia pesa yao iwarudishie asilimia 8 kwa mwaka. Hesabu zote hapa chini ni za mfano tu, lakini njia ya kuzipiga ni ile ile kwa jengo lolote.

Jengo la kwanza kodi ni 40,000 kwa mwezi na ada ni 5,000. Inabaki 35,000, yaani 420,000 kwa mwaka. Mtu anayetaka asilimia 8 atakuwa tayari kulipa 5,250,000. Jengo la pili, kodi ile ile ya 40,000, lakini ada ni 9,000. Inabaki 31,000, au 372,000 kwa mwaka, na bei inayolingana na hapo ni 4,650,000. Tofauti ya shilingi 4,000 kwa mwezi imekula 600,000 kwenye bei. Nyumba ni zile zile, vyumba ni vile vile, hata marumaru huenda zimetoka duka moja.

Basi tutafute jengo lenye ada ndogo kabisa? Subiri kwanza. Jengo la tatu ada yake ni 2,000 tu, na wakala anaisifu hiyo kama habari njema. Lakini 2,000 hazitoshi kutengeneza lifti. Maji ya kisima yanapanda siku mbili kwa wiki kwa sababu pampu imechoka. Soja ni mmoja, mchana na usiku. Wapangaji wazuri wanahama, na mwenye fleti anajikuta akikodisha kwa 30,000. Toa 2,000, inabaki 28,000. Kwa mwaka ni 336,000, na bei yake ni 4,200,000. Jengo la ada ndogo ndilo lenye thamani ya chini kuliko yote matatu.

Hili ndilo wauzaji hawapendi kuliongelea. Ada ya chini sana kwenye jengo jipya mara nyingi ni ya kuvutia wanunuzi. Lifti bado ina waranti, rangi ni mpya, pampu haijafanya kazi hata mwaka. Mwaka wa tano au wa sita ndio ada halisi inajitokeza, aidha kwa kupandishwa ghafla au kwa mchango wa dharura ambao kila mlango unatakiwa kutoa kwa mkupuo. Mimi nikiambiwa ada ni ndogo, swali langu la kwanza ni: na mfuko wa akiba una shilingi ngapi?

Huko Florida, Marekani, swali hilo lilijibiwa vibaya. Jengo la Champlain Towers South mjini Surfside liliporomoka usiku wa tarehe 24 Juni 2021, watu 98 wakafa. Jengo lilikuwa la miaka arobaini hivi na lilihitaji ukarabati mkubwa. Wamiliki walikuwa wamevutana kwa muda mrefu juu ya gharama, na mchango wa dola takriban milioni 15 ulipitishwa miezi michache tu kabla ya mkasa. Mwaka uliofuata Florida ikabadilisha sheria ili majengo ya ghorofa tatu na zaidi yakaguliwe na yaweke akiba ya kweli ya ukarabati. Ada zikapanda, na wamiliki wengi wa fleti za zamani wakapata shida kuziuza. Kama una ndugu Marekani mwenye fleti, muulize kuhusu ada ya chama cha wamiliki. Atakueleza, na pengine kwa hasira.

Turudi Nairobi. Kuna tatizo lingine ambalo halionekani kwenye tangazo lolote: majirani wasiolipa. Chukua jengo la milango 40, ada 6,000. Kila mtu akilipa, inapatikana 240,000 kwa mwezi. Milango 12 isipolipa, inapatikana 168,000, na pengo ni 72,000. Soja anataka mshahara wake kamili, na bili ya stima ya pampu haina huruma. Ama huduma zitapungua, ama wale 28 waaminifu walipe zaidi ya 8,500 kila mmoja. Hapo hata waaminifu wanaanza kujiuliza kwa nini wao.

Watu wetu wanaijua ayuuto vizuri. Kila mmoja anatoa, na zamu yake ikifika anapokea mfuko mzima, ndiyo maana ni nadra mtu kukosa: anangoja zamu. Ada ya jengo haina zamu. Unachopokea ni lifti inayofanya kazi, na jirani asiyelipa anaipanda hiyo hiyo lifti na wewe. Ndiyo sababu kabla ya kununua unafaa kuuliza ni milango mingapi ina deni, na deni hilo ni la muda gani.

Na uulize zaidi kuhusu ule mlango unaouziwa wewe. Mwenye fleti akiwa na deni la ada la miaka miwili halafu akauza haraka kwa bei "ya kindugu", mnunuzi anaweza kujikuta amenunua na kesi. Kabla ya kutoa hata amana, wakili wako apate barua kutoka kwa shirika la wamiliki au kampuni inayosimamia jengo, inayosema ada imelipwa mpaka mwezi gani. Omba pia hesabu za mwaka uliopita na kumbukumbu za mkutano mkuu wa mwisho. Ukiambiwa hazipo, hilo nalo ni jibu.

Suala la jina kwenye hati linawagusa watu wa Ifo kuliko wengine. Katiba ya 2010 inasema asiye raia anaweza kumiliki ardhi Kenya kwa mkataba wa kukodi tu, usiozidi miaka 99. Mkimbizi naye anahitaji kibali kusafiri nje ya kambi, kwa hiyo hata kuhudhuria mkutano wa jengo Nairobi ni safari ya kupangwa. Familia nyingi basi huandika fleti kwa jina la yule aliye raia. Hakuna ubaya, lakini kumbuka kwamba mbele ya shirika la wamiliki, mwenye jina ndiye mdaiwa na ndiye mpiga kura. Kama baba ndiye anayetuma ada kutoka Ifo na binti ndiye mwenye hati, wakubaliane kwa maandishi nani analipa nini na nani anawakilisha nyumba mkutanoni. Ndugu hugombana zaidi kwa mambo ambayo hayakuandikwa.

Mkutano wenyewe usiudharau. Ada hupangwa huko. Asiyeenda wala kutuma mwakilishi huletewa bei iliyoamuliwa na wengine. Hata suala la riba kwa wanaochelewa, ambalo wamiliki wengi Waislamu hawalitaki, mahali pa kulileta ni pale pale, kabla kanuni hazijapitishwa.

Sasa kazi yetu sisi, upande wa simu. Lipa ada kwa Paybill iliyo kwa jina la shirika au kampuni ya usimamizi, si kwa namba ya simu ya keateka, hata kama ni mtu mzuri na amekusaidia mara nyingi. Akiondoka kazini, risiti zako zinaondoka naye. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Kwenye sehemu ya akaunti andika namba ya mlango kama ilivyo kwenye bili, maana pesa nyingi "zinazopotea" zimefika vizuri ila zimeandikiwa mlango wa jirani. Ukikosea tarakimu moja, tupigie mapema na uwajulishe wasimamizi siku hiyo hiyo.

Usifute ujumbe wa uthibitisho. Kila mwisho wa mwaka, omba taarifa ya miamala yako, toa mistari ya ada peke yake, ulinganishe na hesabu ya jengo. Kama wewe uko Ifo na hati iko kwa jina la mwanao, mtumie nakala, kwa sababu wakala wa nyumba hatakupigia wewe, atampigia yeye.

Na kwa ile familia yetu ya mfano: jengo walilolichagua ni la kwanza, la ada ya 5,000. Lakini amana bado hawajatuma. Wanasubiri ile barua ya madeni, na muuzaji ameshapiga simu mara tatu akiuliza mbona wamechelewa.