Mgeni anafuata nini chini ya bahari yetu?

Wapwani wengi tumezaliwa na bahari mlangoni, ila twaijua kwa juu tu. Mgeni naye hutoka Ujerumani au Uingereza, akafika Watamu, Diani au Shimoni, akajifunga mtungi wa hewa mgongoni, akazama. Anafuata nini?

Utulivu, kwanza. Chini hakuna simu. Unasikia pumzi zako tu. Halafu kuna viumbe: kasa akila nyasi za bahari, mkunga akichungulia pangoni, taa aliyejifukia mchangani. Nje ya Mombasa iko MV Dania, meli iliyokuwa ikibeba mifugo, ikazamishwa makusudi mwaka 2002. Leo ni nyumba ya samaki. Wavuvi wa pweza hawatashangaa. Wao wajua tundu baharini halikosi mpangaji.

Msimu ni muhimu. Wakati wa kaskazi maji huwa maangavu. Kusi ikivuma hutibuka, na mwenye haraka hulipia kuona ukungu.

Hatari ipo. Kwenye mita 10 shinikizo ni maradufu ya lile la juu, kwa hivyo kupanda huku umezuia pumzi kwaweza kupasua mapafu. Ndiyo sababu mtu hufunzwa kwanza, tena akizamia leo hapandi ndege leo.

Lakini mafunzo hayo ni ghali, na vijana wetu wengi huishia kushika kamba ya boti. Kaunti hutoa basari za vyuo. Kwa nini isiwe na za cheti cha kuzamia? Kijana wa Wasini ajuaye kila mwamba kwa jina lake tayari ana nusu ya kazi.